Mkono wa Kulia wa Lemuel Tuggle

Jumatano, 6 Septemba

"Lemuel Tuggle ni kabati la kurithi: limejaza chumba, ni zito kulihamisha, na hakuna anayekumbuka lilifunguliwa lini mara ya mwisho." Ndivyo alivyoandika Garrick Stohl, mchambuzi wa takwimu, leo asubuhi. Akampa alama arobaini na nane kwa mia, akawashauri Wahunzi, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, wamwache kabla msimu haujaanza.

Sentensi nzuri. Nimeionea wivu kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha nimeanza kuibomoa.

Kwanza, Stohl anahesabu asichokijua. Watu watano wanasimama mbele ya mrushaji wetu. Mpira hawaugusi, isipokuwa yule wa kati anayeutoa. Kazi yao ni kugongwa ili mrushaji asigongwe. Tunawaita ukuta. Tundu likitokea ukutani, Stohl anasimamisha video, anamtafuta aliye karibu na tundu, anamkata alama. Hajui nani aliagizwa kumzuia nani. Maagizo hayo hutolewa kwa vidole na kwa minong'ono sekunde tatu kabla ya mpira kutoka, na watu wa ukuta hawamwambii mtu wa nje kosa lilikuwa la nani. Hata wake zao hawawaambii.

Pili, Tuggle ni wa akiba. Msimu uliopita alicheza mikupuo mia mbili na kumi na moja, kila mkupuo tangu mpira utolewe mpaka filimbi, katika nafasi nne kati ya tano, na mara mbili aliambiwa asubuhi ya mechi. Mpeni Stohl vinanda vinne ambavyo hajavishika wiki nzima, halafu tumpe alama.

Tatu, mkataba. Whitcomb, meneja mkuu, aliweka humo kifungu cha mapambo: Tuggle akifikisha mikupuo mia nane msimu huu, mwaka wa pili unajifunga wenyewe, na atalipwa awe mzima au mgonjwa. Mchezaji wa akiba hafikishi mia nane. Walikiandika wakicheka. Naye Tuggle, mwanamume wa miaka thelathini mwenye watoto watatu, alitia saini kwa sababu hakuna klabu nyingine iliyompigia simu.

Safu yangu ya Alhamisi gazetini imeshajiandika.

Jumapili, 10 Septemba

Tumefungwa. Mvua kutoka ziwani tangu asubuhi. Tuggle alikaa benchi, hakuvua koti.

Jumatatu, 18 Septemba

Jana mtu wetu wa kushoto ukutani alivunjika kifundo cha mguu. Sauti ilifika mpaka chumba cha waandishi, na mwenzangu mmoja aliweka sandwichi chini, hakuigusa tena. Tuggle akavaa helmeti, akaingia, akacheza mikupuo arobaini. Mrushaji hakuguswa upande ule hata mara moja.

Baada ya mechi nilimkuta amekaa kwenye kiti kinacholia chini yake. Ni mtu wa Mississippi, mwenye adabu za kule. Miaka mitatu sasa hajawahi kuniita kwa jina la ukoo.

"Bi Corinne, umekuja kuniangalia au kuniandika?"

"Vyote viwili."

"Basi andika kwamba nimepungua."

"Andika kwamba ukuta umeongezeka upana," alidakia Boyd Ostrander, mtoa mpira wetu, mwenye ndevu za nabii na mdomo wa dalali. "Ukiona uwanja unainama upande wa kushoto, mama, usishangae."

"Wewe nyamaza. Mke wako alinitumia salamu."

"Alikusalimia kwa huruma, bwana."

Nimewapenda watu hawa miaka ishirini na sita. Nimeandika mara nyingi juu ya ile desturi yao: mtu wa ukuta haachwi chini. Filimbi ikilia, yeyote aliyeanguka hunyanyuliwa na wenzake kabla ya kujinyanyua. Anayempita mwenzake aliye chini hatasemeshwa wiki nzima. Stohl hana safu ya kuandikia hilo katika majedwali yake.

Jumapili, 24 Septemba

Tumeshinda. Tuggle mikupuo sitini na minne. Stohl kampa hamsini na tisa. Kabati linafunguka.

Jumatatu, 2 Oktoba

Tumeshinda tena. Baridi imekuja mapema. Mawingu yamelala juu ya ziwa kama yanangoja kuitwa.

Jumatatu, 9 Oktoba

Kuna jambo. Jana Tuggle alitolewa baada ya mikupuo ishirini na minne. Hakuumia. Kocha kamwingiza kijana wa mwaka wa kwanza, Dobbs, ambaye alizungushwa kama mlango wa hoteli. Nilipouliza, jibu lilikuwa: "Tunagawana mzigo."

Jumatatu, 16 Oktoba

Ishirini. Ishirini tu, kisha benchi. Nimetoa penseli. Akiendelea hivi hatafika mia tano. Akichezeshwa kikamilifu anafika mia nane mwishoni mwa Desemba. Sasa nimeielewa hesabu ya Whitcomb. Kifungu cha mapambo kimeanza kupumua, na wanataka kukinyonga kimyakimya, wakitumia alama za Stohl kama kamba.

Jumatano, 18 Oktoba

Mjadala redioni na Stohl. Nilikuwa na moto.

"Garrick," nilisema, "unajua Whitcomb anazisoma alama zako?"

"Natumaini anazisoma. Ndiyo maana naziandika."

"Na zikimnyima mtu mkate?"

"Mimi nimempa hamsini na moja kwa sababu ni hamsini na moja. Wewe umempa nini, Maslanka? Mashairi?"

"Nimempa macho. Nimeutazama ukuta huu kabla hujaota meno."

"Basi hebu tazama upande wake wa kulia baada ya mkupuo wa kumi na tano. Anashuka. Sijui kwa nini, lakini anashuka."

"Anashuka kwa sababu mnamshusha!"

Watu walipiga simu mpaka mitambo ikagoma. Mzee mmoja wa mtaa wa mashariki, tulikokulia, alisema kwamba kama ningekuwa mwanamume angenichagua gavana. Nilimwambia kuwa mwanamke naye huchaguliwa.

Safu ya kesho inaitwa "Mwacheni Acheze." Ni bora kuliko zote nilizoandika mwaka huu.

Jumapili, 29 Oktoba

Uwanja mzima, watu elfu sitini, waliimba jina lake kuanzia robo ya pili, kwa silabi mbili, kama watu wanaogonga mlango. Kocha aligeuka akatazama jukwaani. Hakumtoa. Mikupuo sitini na mitano.

Nimeshinda. Naiandika hapa kwa sababu gazetini sitaiandika: nimeshinda.

Jumapili, 5 Novemba

Sitini na sita. Wakati mmoja alibaki amepiga goti baada ya filimbi, mkono wa kulia ukining'inia kama si wake. Ostrander alimzunguka kutoka kulia hadi kushoto ndipo akamnyanyua.

Kwa nini azunguke? Alikuwa tayari upande wa kulia.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimeangalia video tangu saa tatu asubuhi. Jana Tuggle alianguka mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja alinyanyuliwa kwa mkono wa kushoto. Nikarudi nyuma. Wiki iliyopita, mara tisa, zote kushoto. Nikarudi mpaka Septemba: kulia, kushoto, mikono yote miwili, kwa mkanda, kwa kola, vyovyote. Tarehe moja Oktoba, robo ya tatu, anagongana na jitu la Detroit, kichwa kwa kichwa. Tangu mkupuo ule hakuna aliyegusa mkono wake wa kulia.

Wanne wote wanajua. Wamepanga. Si kitu kinachotokea bila kupangwa.

Na wanajua sheria pia. Mchezaji akibaki chini, mwamuzi husimamisha mechi, naye daktari wa ligi, asiyelipwa na klabu, huingia uwanjani na kumpima. Akisimama kabla ya hapo, hakuna anayeingia. Ile desturi niliyoisifu miaka ishirini na sita ndiyo inayomzuia daktari.

Jumatano, 8 Novemba

Nimemuuliza Ostrander, tukiwa wawili tu kwenye ujia.

"Mkono wa Lemuel una nini?"

"Upi?"

"Ule mnaouogopa."

Alicheka, lakini ndevu hazikucheka. "Bi Corinne, sisi tunaogopa vitu viwili tu, mizani na mama mkwe. Mengine hayo sijui unazungumzia nini."

"Boyd. Nimewaona."

"Umeona watu wanasaidiana. Si ndiyo uliyokuwa ukituandikia?" Kisha akavaa kofia, akaondoka.

Alhamisi, 9 Novemba

Stohl amenipigia simu. Hajawahi.

"Sitaki ugomvi," alisema. "Nataka kukuonyesha kitu. Mikupuo kumi na tano ya kwanza ana alama sabini na nne. Ni mzuri, Maslanka, nakubali, nilimkosea. Halafu anagongwa sawasawa mara moja, na baada ya hapo upande wa kulia unaanguka mpaka thelathini na kitu. Haupungui polepole kama wa mtu aliyechoka. Unaanguka kwa ghafla, kama umeme uliokatika."

"Unataka kuandika?"

"Mimi naandika namba. Sina namba ya hilo. Wewe ndiye unayezungumza na watu."

Nilimwambia nitafikiri. Nikakata simu, nikaketi mbele ya dirisha, na sikufikiri. Niliogopa. Nikiandika, Tuggle anatolewa, kifungu kinakufa, na jiji zima linajua kwamba Stohl aliona kabla yangu. Nimeyapanga mambo hayo matatu kwa utaratibu wa heshima, lakini nikiwa mkweli, la tatu lilinijia la kwanza.

Jumatano, 15 Novemba

Duka la Nowicki, vitumbua vya soseji vikiwa moto. Tuggle alikuwa mbele yangu kwenye foleni, na mtoto alimpa jezi atie saini. Alitia saini kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi kubwa za kulegea.

"Tangu lini unaandika kwa kushoto?"

"Nabadilisha, Bi Corinne. Benki wasinijue."

Mwenye duka alicheka. Nami nilicheka. Alibeba mfuko wake kwa kushoto, na mlango akausukuma kwa bega.

Jumapili, 19 Novemba

Sitini na minne. Sikuandika neno juu yake. Theluji ya kwanza.

Jumatatu, 27 Novemba

Jana, robo ya nne, alinyanyuliwa, lakini mkono wake wa kulia haukurudiwa na nguvu. Niliona kwa darubini. Wanne wakamzunguka kama watu wanaomsitiri mwenzao anayebadilisha nguo. Ostrander akapiga goti, akafungua kamba ya kiatu chake, akaifunga, akaifungua tena. Mwamuzi akamfokea. Walipotawanyika vidole vya Tuggle vilikuwa vikicheza tena. Akarudi mahali pake, akainama, akagongwa.

Nilikwenda kwa Whitcomb. Nilimwambia nina wasiwasi na afya yake.

"Daktari wetu ameridhika," alisema. "Wewe umesomea wapi udaktari?"

"Nina macho."

"Ndiyo, tulisikia redioni." Alinifungulia mlango mwenyewe, kwa upole ambao sikuupenda. "Ulitaka acheze, Corinne. Anacheza. Sasa unataka nini?"

Jumapili, 3 Desemba

Theluji. Mikupuo sitini na mitano.

Jumapili, 10 Desemba

Theluji. Sitini na sita. Tumeanza kuonekana timu ya mtoano. Jiji limelewa.

Jumapili, 17 Desemba

Theluji, upepo, sitini na mmoja. Wanaimba jina lake hata anapotembea kwenda kunywa maji. Kila wakiimba natazama sakafu.

Jumatatu, 25 Desemba

Jana alicheza mikupuo thelathini na minane, kisha akatoka kwa miguu yake. Mkono ulikuwa ukining'inia pembeni kama ufito. "Uchovu," ilisema taarifa ya klabu. Jumla yake mia saba sitini na tisa. Anakosa thelathini na moja.

Nimekula chakula cha sikukuu kwa dada yangu. Wameniuliza kwa nini niko kimya. Mimi!

Jumanne, 26 Desemba

Saa nne asubuhi nilikuwa nachota theluji mlangoni wakati gari lilipoegeshwa vibaya kando ya barabara. Akashuka mwanamke mrefu, koti jepesi mno kwa mji huu. Jonelle, mke wa Tuggle. Tumewahi kusalimiana mara mbili.

Sikujua pa kuliweka koleo. Nilimkaribisha jikoni. Hakuvua koti.

"Sikuja kunywa kahawa, Bi Corinne. Lakini nitakunywa, maana nimeganda."

Nilimimina. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Lemuel hajui niko hapa. Nimemwambia naenda kubadilisha viatu vya watoto."

"Ni mkono," nilisema.

"Ni shingo. Mkono ni mjumbe tu." Alizungumza kama aliyeyarudia maneno njia nzima. "Tulikwenda kwa daktari wetu wenyewe, Cleveland, ili klabu wasijue. Akatuonyesha picha. Akasema mfereji wa uti wa mgongo ni mwembamba pale shingoni. Akigongwa vile, mkono unazima, kisha unarudi. Nikamuuliza, je, kuna siku hautarudi? Akasema, mama, ukiuliza mkono tu umeuliza kidogo."

Friji ilinguruma. Nilitaka izime.

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu Oktoba. Na kocha wa ukuta alijua kabla yetu. Aliona. Ndiye aliyeanza kumpumzisha, akisingizia kugawana mzigo, kwa sababu Lemuel alimwomba asiseme kwa daktari. Mikupuo ishirini, anamtoa kabla hajagongwa vibaya. Ishirini, anamtoa." Akanitazama. "Halafu wewe ukaandika kwamba wanamwibia."

Nimebishana na mameya, na maaskofu wawili, na profesa aliyeandika kitabu kunijibu. Sijawahi kukosa neno. Leo nilibaki na moja tu.

"Sikujua," nilisema.

"Najua hukujua. Ila uliandika kama unayejua." Hakupandisha sauti. "Watu wakaimba. Kocha naye ana kazi yake ya kulinda. Na Lemuel, wee, Lemuel alikuwa hajawahi kuimbwa maishani mwake. Alirudi nyumbani usiku ule akakaa ndani ya gari nje. Nikadhani anaumwa. Kumbe analia kwa furaha."

"Unataka niandike haya yote?"

"Hapana! Ukiandika shingo, hakuna klabu itakayomgusa tena, na yeye hatanisamehe. Nataka uandike kwamba ni mbaya." Alisema kama mtu anayeagiza mkate. "Sema yule Stohl alikuwa sahihi. Sema amekwisha, amezeeka, mzito, atoke. Wewe ulimwingiza kwa kalamu. Mtoe kwa kalamu hiyohiyo."

"Na mikupuo mia nane?"

"Nitafanya kazi mimi. Nilikuwa muuguzi kabla ya watoto. Nitarudi wodini." Akaweka kikombe chini. "Nimewahi kuwageuza wagonjwa wa uti wa mgongo kitandani, Bi Corinne. Kila saa mbili, ili wasioze mgongo. Lemuel ana kilo mia moja na hamsini. Sitaweza kumgeuza peke yangu."

Alipoondoka theluji ilikuwa imefunika nilipokuwa nimechota.

Alhamisi, 28 Desemba

Nimeandika. "Stohl Alikuwa Sahihi." Maneno mia nane ya uongo kuhusu mchezaji na ukweli mmoja kuhusu mimi, kwamba nilikuwa na uhakika kuliko haki yangu ya kuwa nao. Mhariri aliniuliza kama nimepigwa na kitu.

Wasomaji wameniita msaliti, kibaraka wa Whitcomb, bibi kizee. Stohl ametuma ujumbe wa maneno mawili: "Umefanya vizuri." Ameelewa, nadhani. Nilimdharau bure.

Jumapili, 31 Desemba

Hakuchezeshwa! Dobbs alianza. Tuggle alisimama pembeni na koti, mikono mfukoni, na mimi nilitazama mechi kama mtu aliyefunguliwa kamba kifuani.

Robo ya tatu, goti la Dobbs liligeuka upande ambao goti haligeuki.

Jumanne, 2 Januari

Tuggle alinisubiri nje ya ofisi ya gazeti, upepo ukitoka ziwani. Hakuwa na glavu mkono wa kulia. Sijui kama alihisi baridi.

"Jonelle alikuja kwako."

Sikukana.

"Nilidhani hivyo. Uandishi ule haukuwa wako, Bi Corinne. Haukuwa na pilipili."

Alitoa karatasi mfukoni, akaniwekea chini ya pua. Mkataba mpya. Whitcomb anampa miaka miwili, badala ya ule wenye mikupuo mia nane. Fedha nzuri. Ukurasa wa sita, mstari mmoja: mchezaji anakubali kwamba klabu haitawajibika kwa madhara yoyote ya shingo, uti wa mgongo, na viungo vinavyotegemea hivyo.

Basi wanajua. Wakili hawezi kuandika mstari ule kwa kubahatisha.

"Wanataka nitie saini kabla ya Jumapili," alisema. "Sitii. Dobbs ameumia, yule waliyembahatisha kumaliza mechi ameshindwa, hawana mtu. Jumapili nitaanza. Thelathini na moja tu. Nikizifikisha, mwaka ujao wananilipa hata nikiwa kitandani, na haki ya kuwashtaki kwa shingo yangu inabaki yangu."

"Ukiwa kitandani, Lemuel. Umejisikia?"

"Ni namna ya kusema."

"Si namna ya kusema."

Alitazama ziwa. "Baba yangu alivua kamba miaka arobaini, akaondoka mikono mitupu. Mimi nimebakiza thelathini na moja. Nimeshagongwa maelfu. Thelathini na moja ni nini? Na wenzangu wapo. Boyd kasema watanibeba mpaka ya mwisho, kama ni kwa meno."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nitalala chini mwenyewe, daktari aje, apige picha zake zote." Akaikunja karatasi kwa mkono wa kushoto. "Usiniandike tena, Bi Corinne. Ukiandika, umenila mimi na wanangu."

Sikumjibu. Alichukua kimya changu kuwa ahadi, akanishika bega, akaenda.

Ijumaa, 5 Januari

Kocha ametangaza: Tuggle anaanza Jumapili. Tukishinda tunaingia mtoano. Tiketi zimekwisha. Utabiri unasema theluji nzito na uwanja mgumu kama lami. Wapinzani wana mtu wa kilo mia moja na sitini atakayesimama mbele yake kila mkupuo.

Asubuhi nimempigia Jonelle, nikamwambia nitakachofanya. Kisha akasema, "Atanichukia mimi. Wewe atakusahau." Akasema tena, "Andika."

Jumamosi, 6 Januari

Nimeupeleka ukurasa huu kwa mhariri kama ulivyo. Utatoka kesho asubuhi, muda wa saa sita kabla ya mechi, ukiwa na jina langu. Nimeandika mwenyewe kwa daktari wa ligi pia, na kwa chama cha wachezaji, na nimewapa tarehe, robo na dakika za video. Sijui kama watafungua barua zao siku ya Jumapili. Ndiyo maana siwaandikii wao hapa.

Nawaandikia ninyi wanne wa ukuta. Boyd Ostrander. Terrell Gaines. Hollis Vance. Sione Latu.

Nilikosea, na kosa langu lilimweka mbele yenu kila wiki tangu Oktoba. Sitaligawa na mtu. Lakini kesho kalamu haitakuwa uwanjani. Mikono yenu ndiyo itakayokuwepo. Mmeficha shingo ya rafiki yenu kwa upendo, nami nawaamini, na upendo huo ndio unaomfungia daktari mlango. Msiniambie alikuombeni. Aliniomba na mimi. Atakapokuwa hawezi kuinua kijiko hamtamkumbuka kwa jinsi alivyoomba.

Akiondoka mkupuo wa pili, atapoteza mkataba. Najua. Mshahara wangu hautoshi kuulipa, ila jina langu linatosha kumwandama Whitcomb na ukurasa wake wa sita katika kila mahakama itakayonisikiliza, na nitafanya hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Hiyo ni kazi yangu. Yenu ni hii.

Kesho Lemuel Tuggle ataanguka. Filimbi ikilia, msimnyanyue. Si kwa mkono wa kushoto, si kwa mkanda, si kwa kola. Msimzunguke. Msifunge kamba za viatu. Sogeeni kando, uwanja wote umwone, na mmoja wenu anyooshe mkono juu kumwita daktari. Msihesabu mpaka thelathini na moja. Ikiwa ni mkupuo wa kwanza, iwe huo wa kwanza. Atawatukana, atawasihi, atajaribu kuinuka. Mwekeeni mkono kifuani.

Mwacheni chini.